Unene, Kitambi na Kiribatumbo: Sayansi Inapima Nini?

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi ya kuusifu, kuukejeli na kuuhurumia mwili wa binadamu. Mtu aliyenawiri husifiwa. Aliyekonda huulizwa kama anaugua au ana dhiki nyumbani. Mnene tipwatipwa huchekwa, na kimbaombao huchekwa vilevile. Kunona ni sifa ya ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo binadamu akiambiwa amenona hujua kwamba anataniwa au anatukanwa. Miongoni mwa maneno haya yote, unene ndilo lenye maana pana zaidi: kitambaa huwa kinene, sauti huwa nene, na mtu huwa mnene. Katika miongo ya hivi karibuni neno hilohilo limetwikwa mzigo mwingine, yaani kuwa jina la hali ya kiafya inayohusishwa na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na aina kadhaa za saratani.

Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo watafiti wameyagundua kuhusu vipimo, vyanzo na madhara ya hali hiyo. Hoja kuu ni kwamba kipimo kinachotumiwa zaidi duniani hakipimi kile ambacho wengi hudhani kinapimwa, na kwamba istilahi tunazozichagua katika Kiswahili zinaweza ama kuidhihirisha tofauti hiyo au kuizika. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa wao ndio watakaotafsiri mabango ya zahanati, kusoma taarifa za habari na kuandika vitabu vya shule.

Kipimo cha Mwanafalaki

Kipimo tunachokirejelea huitwa kwa majina tofauti: fahirisi ya uzani wa mwili, au uwiano wa uzani na kimo. Hesabu yake ni nyepesi. Uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake kwa mita baada ya kimo hicho kuzidishwa kwa chenyewe. Mathalani, mtu mwenye kilo 75 na kimo cha mita 1.65 hupata takriban 27.5. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima aliye chini ya 18.5 ana uzani pungufu. Kuanzia 25 uzani umezidi. Kuanzia 30 ameingia katika kundi la unene wa kupindukia. Kwa kigezo hiki mtu wetu wa mfano amezidisha uzani, lakini hajafikia daraja la mwisho.

Aliyeivumbua hesabu hii hakuwa daktari. Adolphe Quetelet (1796–1874) alikuwa mwanafalaki na mwanatakwimu wa Ubelgiji aliyetaka kuzipata kanuni za maumbile ya binadamu jinsi wanafalaki walivyozipata kanuni za mwendo wa sayari. Shabaha yake ilikuwa kumbainisha "mtu wa wastani". Katika miaka ya 1830 alibainisha kwamba, miongoni mwa watu wazima, uzani huongezeka kwa kufuata kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Hakudai kwamba amepata njia ya kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Hakuwa akishughulikia wagonjwa hata kidogo.

Waliolipeleka suala la uzani katika soko la maisha na kifo walikuwa makampuni ya bima ya Marekani. Hawa walikuwa na sababu nzuri ya kutaka kujua nani atakufa mapema. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Metropolitan Life ilichapisha majedwali ya uzani uliopendekezwa kwa kila kimo, na majedwali hayo yakatumika sana hospitalini. Mwaka wa 1972, Ancel Keys na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha fomula mbalimbali kwa kutumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka mataifa matano, yakiwemo Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Waliona kwamba hesabu ya Quetelet ilifaa angalau sawa na nyinginezo, nao ndio walioipa jina la Kiingereza ambalo kifupisho chake kinajulikana hadi leo. Yafaa tuzingatie kwamba wote waliopimwa walikuwa wanaume. Kipimo ambacho leo hutumiwa kumwambia mama katika kliniki ya Kakamega kama ana uzani wa kufaa au la kilithibitishwa kwa miili isiyokuwa na hata mwanamke mmoja.

Udhaifu wa kutegemea mizani ulikuwa umeonekana hata kabla ya Keys. Mwaka wa 1942, Albert Behnke, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, pamoja na mwenzake Welham, waliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani kwa kuwatosa majini. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama. Kwa kulinganisha uzani wa mtu akiwa nje na akiwa ndani ya maji, mtafiti anaweza kukadiria kiasi cha mafuta mwilini. Kwa majedwali ya wakati huo, wachezaji 17 kati ya hao 25 wangekataliwa jeshini kwa kuwa na uzani wa kupita kiasi. Maji yalionyesha kwamba walikuwa na misuli mingi na mafuta kidogo. Mizani husema mtu ana uzito gani; haisemi uzito huo umetokana na nini.

Je, kipimo hiki hakina thamani yoyote? La hasha. Kwa makundi makubwa ya watu kina manufaa yasiyokanika. Mwaka wa 2016 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 239 zilizowahusisha watu zaidi ya milioni 10. Baada ya kuwaondoa wavutaji sigara na waliokuwa na maradhi ya kudumu, watafiti waliona kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa walio kati ya 20 na 25, na kwamba hatari ya kufa ilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa kila nyongeza ya pointi 5 juu ya 25. Takwimu za Kenya pia hutegemea kipimo hiki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008–09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Kufikia 2014 walikuwa thuluthi moja. Uchunguzi wa 2022 ulitoa asilimia 45 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49 na asilimia 19 kwa wanaume wa rika hilo. Msomaji makini ataona kwamba rika la 2022 limeanzia miaka 20, hivyo takwimu hiyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za awali. Hata hivyo, mwelekeo wenyewe hauna utata. Na ieleweke kwamba uchunguzi huohuo wa 2022 uliwakuta asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Njaa na shibe zinaishi katika nchi moja, na mara nyingine katika nyumba moja.

Kitambi Chapata Sayansi Yake

Mwaka wa 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, aliandika kwamba wagonjwa wake wanene hawakuwa wa aina moja. Wale ambao mafuta yao yalirundikana sehemu ya juu ya mwili, umbo alilolihusisha zaidi na wanaume, walielekea kupata kisukari na maradhi ya mishipa. Wale ambao mafuta yao yalikaa nyongani na mapajani hawakupata maradhi hayo kwa kiwango hicho. Kwa miaka mingi hoja yake haikushughulikiwa ipasavyo, na ilichukua hadi miaka ya 1980 kwa watafiti wengi kuikubali.

Leo sababu zake zinaeleweka kwa kiasi kikubwa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, hasa ya nyonga na mapaja, ni kama ghala: huhifadhi nishati ya ziada bila fujo nyingi. Mafuta yaliyozunguka matumbo na ini ni jirani mkorofi. Seli zake huachilia asidi za mafuta na kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na damu inayotoka sehemu kubwa ya mafuta hayo hupita moja kwa moja hadi kwenye ini. Ini likilemewa, na misuli ikianza kuipuuza insulini, kongosho hulazimika kutengeneza insulini zaidi na zaidi. Siku kongosho linaposhindwa, sukari hupanda katika damu. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha aina ya pili.

Utafiti wa INTERHEART, uliowahusisha watu wapatao 27,000 katika nchi 52, uliripoti mwaka wa 2005 kwamba uwiano wa kiuno na nyonga ulibashiri mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko uwiano wa uzani na kimo. Kwa maneno mengine, utepe wa fundi wa nguo ulishinda mizani ya hospitali. Namna ya kupima ni hii: mtu husimama wima, hupumua nje kwa kawaida, kisha utepe huzungushwa katikati ya ubavu wa mwisho na kichwa cha mfupa wa nyonga. Viwango vinavyotajwa sana ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake kama mwanzo wa hatari, na 102 na 88 kama hatari kubwa. Lakini viwango hivi vilitokana na Wazungu. Mwaka wa 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka viwango kwa jamii mbalimbali, liliagiza kwamba Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie vya Wazungu hadi data mahususi zipatikane. Waasia walikwisha kutengewa vyao, kwa kuwa ilibainika kwamba kisukari huwapata wakiwa na uzani mdogo zaidi. Sisi tuliazimwa nguo ya jirani.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata nambari. Mwaka wa 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilipendekeza kwamba mzunguko wa kiuno usifikie nusu ya kimo. Mtu anaweza kuchukua kamba yenye urefu sawa na kimo chake, akaikunja mara mbili, kisha akaizungusha kiunoni. Ikishindwa kufika, ana la kumwambia daktari.

Hapa ndipo lugha yetu inapostahili kupewa haki yake. Msemaji wa Kiswahili hakuhitaji Marseille kumwambia kwamba tumbo lililotangulia mbele ni kitu tofauti na mwili mnene kwa jumla. Mtu mwembamba wa mikono na miguu anaweza kuwa na kitambi, nasi tunalisema hivyo bila kusita. Tatizo ni kwamba kitambi kimekuwa ishara ya cheo na ukwasi, na aghalabu huzungumziwa kwa mzaha. Ilhali hiki ndicho chenye mashaka zaidi, kuliko nyonga pana ambazo watu huzitolea maoni bila kuulizwa.

Chanzo: Ulafi na Uvivu?

Maelezo yanayosikika barabarani ni mepesi: mnene anakula sana na hafanyi kazi. Kanuni ya fizikia haikataliki, kwani mafuta hayawezi kuongezeka pasipo nishati inayoingia kuzidi inayotoka. Lakini kanuni hiyo haielezi kwa nini iingie zaidi. Ni sawa na kueleza msongamano katika barabara ya Thika kwa kusema kwamba magari yaliyoingia ni mengi kuliko yaliyotoka.

Mwaka wa 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watu wazima 540 nchini Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Uzani wao ulifuata ule wa wazazi waliowazaa. Uhusiano na uzani wa wazazi waliowalea haukuonekana. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua jeni ambayo panya wakiikosa hula bila kukoma. Jeni hiyo hutengeneza homoni iliyoitwa leptini, inayotoka katika mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ilikuwa hoja nzito: mafuta si mzigo mfu, ni kiungo kinachozungumza. Mwaka wa 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini na waliokuwa na njaa isiyotulia. Mmoja wao alipodungwa homoni hiyo, hamu yake ya chakula ilishuka na uzani ukapungua. Hata hivyo, watoto kama hao ni wachache mno duniani. Wengi wa watu wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hauisikii vizuri.

Kwa upande wa kazi za mwili, utafiti wa kustaajabisha zaidi ulifanywa jirani yetu. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walitumia maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni zilizotiwa alama, ambayo mtu huyanywa na baadaye mkojo wake huonyesha ametumia nishati kiasi gani. Wanaume wa Kihadzabe walitembea takriban kilomita 11 kwa siku. Kila mtu alitarajia kwamba wangekuwa wametumia kalori nyingi kuliko Wamarekani wanaoshinda kitini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, hapakuwa na tofauti ya maana. Inaelekea mwili hubana matumizi mahali pengine ili kufidia mwendo. Asitokee mtu wa kusema kwamba mazoezi hayana faida: mioyo ya Wahadzabe ina afya ya kuonewa wivu. Ila wanaotarajia kupunguza kilo nyingi kwa kukimbia pekee huishia kukata tamaa, na kisha huitwa wavivu.

Basi macho yakageukia chakula. Mwaka wa 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 katika wodi ya utafiti kwa mwezi mmoja. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo, wakaruhusiwa kula watakavyo. Milo yote iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Katika wiki za vyakula vya viwandani kila mmoja alikula kwa wastani kalori zipatazo 500 zaidi kwa siku, na akaongeza karibu kilo moja. Hakuna aliyekuwa mlafi zaidi wiki hiyo kuliko wiki iliyopita. Kilichobadilika ni sahani.

Mwili pia huulinda uzani uliokwisha kuupata. Mwaka wa 2016 yaliripotiwa matokeo ya watu 14 walioshiriki shindano la kupunguza uzani katika televisheni ya Marekani. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerejesha sehemu kubwa ya uzani, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Dawa mpya za sindano zinazoiga homoni ya matumbo zimeithibitisha hoja hii kwa njia nyingine: katika jaribio la 2021, waliotumia semaglutide walipunguza wastani wa asilimia 15 hivi ya uzani kwa wiki 68, lakini walipoacha walirejesha thuluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Hofu ya Kukonda

Madhara mengine ya unene uliokithiri yanafahamika na hayahitaji maelezo marefu: kiharusi, kulika kwa magoti, kukatika kwa pumzi usingizini, mafuta kwenye ini. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta kuzidi mwilini, zikiwemo za utumbo mpana, ya mji wa mimba, na ya matiti baada ya hedhi kukoma.

Ambalo halitajwi sana ni kwamba maonyo haya yanaifikia jamii yenye kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1980, Ukimwi ulipoingia Afrika Mashariki, Waganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza la wembamba, na jina hilo likafika hadi katika jarida la The Lancet mwaka wa 1985. Kwa kizazi kizima, kukonda kulikuwa tangazo la kifo na la aibu. Mama aliyewazika nduguze katika miaka hiyo anapoambiwa na muuguzi apunguze mwili, anasikia agizo la kuonekana mgonjwa mbele ya majirani. Mshauri asiyejua hivyo atadhani mama ni mkaidi. Mfasiri anayeandika "punguza unene" katika kijitabu hana budi kulijua jambo hili kabla ya kuishika kalamu.

Suala la Istilahi

Nchini Tanzania wataalamu wa lishe wamelizoea neno kiribatumbo kwa daraja la 30 na kuendelea. Nchini Kenya magazeti na idhaa hutumia zaidi "unene wa kupita kiasi" au "unene wa kupindukia". Kiribatumbo ni neno lenye nguvu, kwa kuwa linatupa picha ya kiriba kilichojaa maji. Tatizo lake ni kwamba linataja tumbo ilhali kipimo kinacholiambatana nalo hakilioni tumbo. Mwanamke mwenye 31 ambaye mafuta yake yako nyongani ataitwa kiribatumbo. Mwanamume mwenye 26 na kitambi cha kutisha hataitwa hivyo.

Mkanganyiko huu umepata uzito mpya. Mnamo Januari 2025 jopo la kimataifa lililoongozwa na Francesco Rubino wa King's College London lilipendekeza kwamba uwiano wa uzani na kimo usitumiwe peke yake kumtambua mgonjwa, na kwamba itofautishwe hali ambayo mafuta yamekwisha kudhuru viungo na ile ambayo mafuta yamezidi lakini viungo vingali vinafanya kazi sawasawa. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinaweza kuipokea tofauti hii bila kuunda neno hata moja jipya kwa sehemu kubwa. "Unene wa kupindukia" ubaki kuwa jina la daraja la nambari. Kitambi kitolewe katika mizaha na kuingizwa katika kamusi za tiba kama jina la kiuno kilichovuka kiwango. "Maradhi ya unene" yawe jina la hali ambayo viungo vimedhurika. Ugumu upo kwenye hali ile nyingine, kwa kuwa istilahi mbili zinazojitokeza upesi zote zina kasoro: "unene usio na madhara" unamdanganya mgonjwa, kwani madhara yanaweza kufuata, na "unene wa awali" unamhukumu, kana kwamba hatua ya pili haiepukiki.